Jua la Vitengeni na Sura za Watu Wake

Kila mwaka jua hupita juu kabisa ya Vitengeni, katika Kaunti ya Kilifi, Kenya, mara mbili, karibu tarehe 11 Machi na tena karibu tarehe 1 Oktoba. Siku hizo, katika nusu saa hivi ya kwanza baada ya saa sita mchana, mwembe huangusha kivuli chake chote shinani, na mtu aliyesimama uwanjani hukanyaga kivuli chake mwenyewe. Siku nyingine za mwaka tofauti si kubwa. Juni jua la adhuhuri huegemea kaskazini na Desemba huegemea kusini, lakini halishuki chini ya nyuzi 60 juu ya upeo wa macho. Mpiga picha wa Ganze, Kilifi au Malindi anayefanya kazi bila taa hana budi kuanzia hapo, maana hilo ndilo jua alilopewa.

Tatizo ni kwamba mafunzo mengi ya upigaji picha hayaanzii hapo. Kanuni zinazozunguka vitabuni, darasani na katika video za mafunzo zilipimwa kwa jua la Ulaya na Marekani na kwa ngozi ya watu wa huko. Nikitazama picha za nje zinazopigwa pwani yetu, za harusi, za mahafali, za kampeni na za watalii, naona kasoro nyingi zaidi zinazotokana na kanuni hizo kuliko zinazotokana na uduni wa kamera. Mwanga tunao, wa kumwaga. Tulichokosa ni kuupima kwa mahali petu na kwa sura zetu.

Tuanze na kanuni inayopendwa kuliko zote: piga picha asubuhi na jioni, jua likiwa chini, wakati wanaouita saa ya dhahabu. Kiini chake ni cha kweli. Miale ya mshazari hupita katika hewa nyingi zaidi, buluu hutawanyika njiani, na kinachotufikia ni rangi ya joto. Tena uso huangazwa kutoka mbele badala ya utosini. Ila huku kwetu hiyo saa si saa. Karibu na ikweta jua hushuka wima. Kutoka nyuzi sita juu ya upeo hadi kufika upeoni huchukua dakika 24 hadi 26, mwaka mzima. London, mwezi Juni, mteremko huo huo huchukua karibu dakika 50, kwa kuwa kule jua huenda likizama kwa upande. Desemba jua la London halifiki nyuzi 17 hata adhuhuri. Yaani mpiga picha wa kule ana mwanga wa jioni kuanzia asubuhi. Aliyeandika kitabu akiwa na anga hiyo alikuwa na haki ya kusema ngoja jioni. Anayeoa Vitengeni akasubiri saa kumi na mbili ili yeye, bibi harusi, wazazi wa pande mbili na wapambe wapigwe picha zote katika mwanga wa dhahabu, atapata picha za watu wachache, na waliobaki watapigwa gizani. Utusitusi wenyewe, ule mwanga unaomwezesha mtu kusoma barua nje baada ya jua kuzama, hudumu dakika ishirini na kitu tu.

Asubuhi nayo haina subira. Jua la Kilifi huchomoza kati ya saa kumi na mbili kasoro dakika chache na saa kumi na mbili na nusu kutegemea mwezi, na kabla ya saa nne limeshapita nyuzi 45. Kuanzia hapo mifupa ya nyusi hutia kivuli machoni, pua hutia kivuli mdomoni, na kichwa na mabega hung'aa kuliko uso. Hali hiyo hudumu hadi saa tisa alasiri. Kwa hiyo mwanga laini wa jua la chini tunao kwa muda mfupi sana kwa siku, na mwanga mkali wa utosini tunao kwa saa nyingi za kazi. Kumwambia mpiga picha aukimbie huo wa pili ni kumwambia asifanye kazi.

Pwani ina jambo jingine ambalo kadi za posta zimelifunika. Bahari ya Malindi iko mashariki. Jua linatoka majini asubuhi na kuzama bara jioni, juu ya Ganze na Bamba. Anayetaka jua jekundu likigusa mawimbi aamke alfajiri, au aende Hori ya Mida, ambako jua laonekana likizama ng'ambo ya maji na mikoko. Jioni ufukweni mtu akitazama bara ndipo uso wake unapopata mwanga, na bahari nyuma yake hubaki na rangi yake kamili badala ya kuungua nyeupe. Wapiga picha wengi wa ufukweni humgeuza mteja atazame bahari kwa mazoea tu.

Sasa tufike palipo na utajiri wenyewe, nao ni kivuli. Katika nchi ya jua la utosini, studio bora ya mwanga wa asili ni mahali ambapo jua haliingii lakini anga inaonekana: upenuni, mlangoni, ukingoni mwa kivuli cha mti, chini ya banda la makuti. Hapo mwanga hautoki kwenye nukta moja ya moto. Unatoka kwenye kipande kizima cha anga na kwenye ardhi iliyo mbele, na huufikia uso kutoka mbele na pembeni. Kiasi chake ni karibu moja kwa nane ya mwanga wa jua kamili, ambacho kwa kamera yoyote ya leo, hata ya simu ya bei nafuu, ni mwanga wa kutosha na kusaza.

Kila mlango una msimu wake, na hili sijaliona likifundishwa popote. Kwa kuwa Vitengeni iko nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta, kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Miezi hiyo ya masika na kusi, mlango unaotazama kusini huwa kivulini mchana kutwa, na mtu aliyeketi kizingitini pake hupata mwanga usiobadilika kwa saa nyingi. Kuanzia Oktoba hadi mapema Machi, wakati wa vuli na kaskazi, mambo hugeuka: mlango wa kaskazini ndio wenye kivuli, na wa kusini ndio unaopigwa na jua. Mpiga picha anayezijua nyumba za mtaa wake kwa mielekeo ya milango yake anaweza kufanya kazi saa saba mchana mwezi wowote bila kumkunjisha mtu uso.

Kivuli cha mti kinahitaji uangalifu zaidi. Katikati ya kivuli cha mwembe mkubwa mwanga ni hafifu, umeshuka kutoka juu, na umechujwa na majani hadi ukawa na ukijani unaowafanya watu waonekane wagonjwa. Tena matundu ya majani huangusha madoa ya jua, na doa moja likitua shavuni picha imekwisha. Dawa ni kumsogeza mtu hadi ukingoni, hatua moja au mbili tu ndani ya mstari wa kivuli, atazame nje kwenye uwanja wenye jua. Uwanja ule uliofagiwa, wenye udongo mkavu, humrudishia mwanga kutoka chini na kuyafungua macho. Tazama mboni zake: ukiona ndani yake mng'aro mpana wa anga na uwanja, umepapata mahali. Ukiona mboni nyeusi tupu, msogeze tena. Mbuyu wakati wa kiangazi haufai kwa kazi hii, kwani hupukutisha majani yote na kubakisha kivuli cha matawi tu, ingawa ni mti mzuri mno kuupiga picha wenyewe. Mkanju, wenye majani mazito yanayoshuka hadi karibu na ardhi, hutoa kivuli kilichofungamana, na ukingo wake una mwanga wa upande unaopendeza sana.

Vifaa vya kurudisha mwanga viko kila boma. Kitambaa cheupe kilichoshikwa kiunoni, ukuta uliopakwa chokaa, hata gunia la unga lililogeuzwa nje ndani. Mabati hurudisha mwanga pia, lakini ni mkali na wenye michirizi, mimi huyaepuka. Leso yenye rangi kali iwekwe mbali na uso ikiwa kwenye jua, maana nyekundu na manjano yake hupanda kidevuni na hakuna atakayejua zimetoka wapi.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha ugumu uliobaki. Bibi ameketi upenuni, amevaa hando jeupe, yaani sketi ya marinda ya Kigiriama, mgongo wake umeelekea ndani ya nyumba iliyo giza. Katika picha hiyo moja kuna kitambaa kinachorudisha karibu mwanga wote unaokiangukia, uso unaorudisha sehemu ndogo tu, na mlango usiorudisha chochote. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui lipi ni lipi. Kimetengenezwa kwa dhana kwamba kila mandhari, ikichanganywa yote, hutoa kijivu cha kati, kile kinachorudisha asilimia 18 hivi ya mwanga. Bibi akijaza fremu kwa hando lake, kamera huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso wake huzama. Mlango ukijaza fremu, kamera huona giza, huongeza mwanga, na uso hupauka ukawa na rangi ya majivu ambayo si yake. Mara zote mbili kamera imefanya ilivyoagizwa.

Kwa hiyo kipimo kielekezwe usoni, kisha mpiga picha aamue mwenyewe. Kwenye simu, gusa uso wake kwenye kioo na ushikilie hadi kipimo kifungwe, kisha telezesha ile alama ya jua taratibu hadi ngozi kwenye kioo ifanane na ngozi unayoiona kwa macho. Kwa ngozi nyeusi sana mara nyingi utateremsha kidogo, kwa sababu kamera iliyopimia uso peke yake hujaribu kuufanya kijivu. Watu wengi hudhani ngozi nyeusi hudai mwanga mwingi kila mara. Sivyo. Hudai mwanga mpana. Umbo la uso mweupe huonekana kwa vivuli. Umbo la uso mweusi huonekana zaidi kwa ming'aro, yaani mahali ambapo ngozi huakisi anga: paji la uso, mfupa wa shavu, ukingo wa pua. Jua la utosini hutoa mng'aro mdogo, mkali, uliochomeka kwenye paji. Anga pana iliyo mbele ya upenu hutoa mng'aro unaopanda polepole kutoka shavuni hadi kipajini, na uso hupata kina chake chote. Mafuta ya nazi, ambayo wengine huyafuta kabla ya picha, kwenye kivuli chenye anga pana ni msaada mkubwa. Kwenye jua kali ndiyo yanayoharibu.

Kwamba haya hayamo katika mafunzo ya kawaida kuna sababu ya kihistoria. Kuanzia miaka ya 1950, maabara zilizosafisha filamu za rangi za Kodak zilisawazisha mitambo yao kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizoitwa Shirley kwa jina la mfanyakazi wa kampuni aliyepigwa picha za kwanza. Ngozi yake ikitoka sawa, picha zote zilihesabiwa kuwa sawa. Weusi waliosimama katika picha moja na weupe walitoka meno na macho tu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mtengenezaji filamu Jean-Luc Godard, akiwa amealikwa kufanya kazi Msumbiji, alikataa kutumia filamu za Kodak kwa hoja hiyo hiyo. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada ameeleza kwamba msukumo mkubwa wa kuboresha rangi za giza katika filamu ulitoka kwa wateja wa kibiashara, waliotaka picha za chokoleti na za samani za mbao zitofautiane vizuri. Nyuso za watu zilifaidika baadaye. Nasikia uchungu kila ninapoliandika hilo.

Leo hali imesogea. Kampuni ya Transsion ya China iliuza simu zake za Tecno barani Afrika kwa kuzitengeneza zitambue nyuso nyeusi vizuri zaidi, na Google ilileta mfumo wake wa Real Tone mwaka 2021. Lakini programu za simu zina tabia ya kulainisha na kung'arisha bila kuulizwa, na mtu hujikuta amechubuliwa pichani. Kabla ya kazi yoyote ya maana, zima kitu chochote chenye jina la urembo.

Afrika ilikuwa na mabingwa wa mwanga wa uani kabla ya programu hizo zote. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako mwaka 1948, akawapiga watu nje uani, kwa mwanga wa mchana, shuka au kitambaa cha maua kikiwa nyuma yao. Filamu ilikuwa ghali, hivyo mteja alipata mbofyo mmoja. Ukitazama mikono na nyuso katika picha hizo utaona kwamba alishaumaliza uamuzi wote wa mwanga kabla ya kubofya. Huku kwetu, vibanda vya wapiga picha kando ya kivuko cha Likoni miaka ya 1990, ambavyo Heike Behrend aliviandikia kwa kina, vilikuwa na mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba, na mbele vilikuwa wazi kuelekea barabarani. Watu waliyacheka mapazia yale. Mwanga ulioingia kwa ule upande uliokuwa wazi ulikuwa mzuri, na ndio uliomfanya mpita njia atoke pichani na sura yake.

Tukigeukia mimea na wanyama, kanuni inabadilika kwa sababu huwezi kumsogeza ndege hadi upenuni. Mashariki ya Vitengeni uko msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, na ndani yake mwanga hugawanyika kwa udongo. Ukanda wa mrihi umeota juu ya mchanga mweupe. Miti yake imeachana, anga hupenya, na mchanga hurudisha mwanga juu hadi chini ya matawi, hata tumbo la ndege linaonekana. Upande wa magharibi, ulio karibu na sisi, kuna vichaka vya mfunda juu ya udongo mwekundu. Vimesongamana, udongo unameza mwanga, na kidogo kinachorudi kimetiwa wekundu. Saa tano mchana, jua likiwaka nje, ndani ya kichaka hicho mwanga huweza kuwa chini ya moja kwa hamsini ya ule wa uwanjani. Sengi mwenye matako ya rangi ya dhahabu, mnyama wa mchana anayekimbia kwa kurukaruka, anahitaji kasi ya sekunde moja kwa 500 au zaidi. Hapo hapana njia ila kupandisha ISO hadi 3200 na kupita, na kukubali chenga. Picha yenye chenga ya mnyama aliye hai kwenye mwanga wake ni bora kuliko picha safi iliyotiwa mmweko ikaufuta msitu nyuma yake.

Katika vichaka hivyo hivyo hulala mchana bundi mdogo wa Sokoke, aliyetambulishwa kwa wanasayansi mwaka 1966. Huketi chini chini, mara nyingi wawili wawili, akitegemea majani kumficha. Kuna wapiga picha wanaokata vijiti ili miale imfikie. Kitendo hicho kinampokonya maficho yake kwa siku zote zitakazofuata, na hakuna picha inayostahili gharama hiyo. Vivyo hivyo kwa kwera wa Clarke, ndege asiyepatikana popote duniani nje ya Kaunti ya Kilifi, katika Arabuko-Sokoke na misitu ya Dakatcha: mahali pa viota vyake pasitajwe pamoja na picha.

Mawingu ya kusi, kuanzia Juni hadi Agosti, ni zawadi kwa mpiga picha wa msitu, kwani huondoa madoa ya jua na kusawazisha majani na shina. Kwa nchi ya wazi ni kinyume. Korongo la Marafa, liitwalo Nyari, linahitaji jua la alasiri lipige kuta zake za mchanga kwa upande, ndipo matabaka ya waridi, machungwa na meupe yatengane. Ukimsimamisha mtu chini humo, kumbuka kuta zitampaka wekundu, na afadhali umwache nao kuliko kuusafisha kwa kompyuta hadi aonekane amebandikwa.

Hadi hapa nimezungumzia kupima mwanga. Kumpima mtu kwa haki kunaendelea baada ya kubofya, na katika bara ya Kilifi suala hili lina uzito ambao mgeni hauoni. Mfano mkubwa ni wa vigango, nguzo za mbao zilizochongwa ambazo Wagiriama huwasimikia wafu wa chama cha Gohu. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama kando ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Aliporudi baadaye kumletea nakala, mzee alimwambia vigango vimeibwa, akamwomba amsaidie kuvitafuta. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa Afrika nchini Marekani, Udvardy aliona kimoja kati yake katika slaidi za mwenzake, Linda Giles, zilizoonyesha mkusanyo wa makumbusho ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Illinois. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Ile picha ya nje, iliyoonyesha mchongo wa kila nguzo waziwazi, ndiyo iliyokuwa ushahidi. Mwaka 2007 vigango vilirejeshwa kwa ukoo, mzee mwenyewe akiwa ameshafariki.

Nina mambo mawili ya kusema juu ya kisa hicho. La kwanza, ushahidi ulipatikana kwa sababu picha ilipigwa kwa mwanga ulioonyesha kila mkato wa mti. La pili, wizi wenyewe ulijulikana kwa mpiga picha kwa sababu alirudi na nakala. Kama angeondoka moja kwa moja, walivyofanya na wanavyofanya wengi, picha ingebaki kabatini Marekani na kigango makumbushoni Marekani, bila kukutana. Ni kweli pia kwamba picha za vigango zinaweza kumwelekeza mwizi. Ndiyo maana katika kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, zilizoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, ruhusa ya wazee wa kaya huja kwanza, na zipo sehemu ambazo hazipigwi picha hata kwa ruhusa.

Sura ya mzee ina hatari yake pia. Wapiga picha wageni wanapenda mno kichwa cha mvi na uso wa mikunjo, waupige kwa jua la upande hadi ngozi ionekane kama gome la mbuyu, kisha waugeuze mweusi na mweupe na kuuweka mtandaoni pamoja na jina la kijiji. Kwa miaka mingi Kilifi imezika wazee waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, na mvi mara nyingi ndiyo dalili inayotajwa. Wapo wanaopaka nywele rangi nyeusi kwa hofu. Ganze kwenyewe, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliotishiwa. Anayesambaza sura ya mzee wa mvi na mahali anapolala hajui anaiweka mbele ya nani. Simu nyingi hufungamanisha mahali na kila picha. Mpangilio huo uzimwe kabla ya kuingia bomani. Na mwanga wa upande usitumike kumzeesha mtu kuliko alivyo. Upenuni uso ule ule utaonyesha mikunjo yake yote, na pia macho, ucheshi na heshima aliyo nayo.

Sheria nayo imeamka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha ya mtu kuwa taarifa yake binafsi. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi, na kilabu kimoja cha burudani shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja. Katika Malindi na Mambrui, ambako wanawake wengi hawapendi sura zao zitembee, adabu ilikuwa imeshasema hayo kabla ya bunge.

Baada ya ruhusa kuna nakala ya karatasi, na hapa naona uzembe mkubwa kuliko popote. Nenda kwenye matanga bara ya Kilifi utazame picha iliyowekwa mbele ya waombolezaji. Mara nyingi ni ile ya kitambulisho, iliyopanuliwa hadi ikavunjika, mmweko umempiga marehemu usoni, macho yamemtoka. Mzee aliyeishi miaka themanini katika mwanga bora kama huu hana picha nyingine, au anayo ndani ya simu ya mjukuu iliyopotea. Picha ya upenuni ikichapwa mwenyewe angali hai ndiyo itakayokaa ukutani na ndiyo itakayotumika siku hiyo.

Kuchapa kuna mtego wake. Kioo cha simu hutoa mwanga wake chenyewe. Karatasi hutegemea mwanga wa chumba, na nyumba nyingi za huku zina madirisha madogo. Uso uliotosha kwenye kioo hutoka mweusi kupita kiasi karatasini, hasa mashavu na shingo. Kabla ya kuagiza nakala kubwa, omba ndogo ya mkononi, ikitoka dukani uitazame kivulini, kisha ndani. Ikiwa mashavu yamezama, mwambie mchapaji aongeze mwanga wa uso peke yake na aliache hando kama lilivyo, kwa sababu akiongeza wa picha nzima kitambaa kitaungua na marinda yake yote yatapotea.